Mtoki, ngiri au ngirimaji? Kulinganisha uvimbe wa kinena kwa mtoto wa kike

Mama anambadilisha mtoto nepi na kuona kitu ambacho jana hakikuwepo: uvimbe mdogo kama harage, juu kidogo ya shavu la uke, upande wa kulia. Mtoto hana homa, ananyonya kama kawaida, anacheka. Bibi anaugusa na kusema ni mtoki, utapita wenyewe. Jirani anasema ni ngiri. Baba anauliza ngiri ya mtoto wa kike imetoka wapi, kwani si ugonjwa wa wanaume?

Kazi yangu ni ya chumba cha altrasaundi, na wengi wa watoto hawa hulala kwenye kitanda changu kabla hawajafika kwa daktari wa upasuaji. Hapa nitalinganisha yale ambayo mzazi hujikuta akitakiwa kuyaamua: uvimbe upi ni upi, kipimo kipi kinatosha, kusubiri au kupasua, na kama ni kupasua, kwa njia gani. Kwa mtoto wa kike, mimi huanza na swali moja: ovari, yaani kiungo kinachotunza mayai ya uzazi, imo ndani ya uvimbe huo au haimo? Hilo ndilo linaloonyesha kama una saa, una siku au una majuma.

Ngiri ya msichana hutoka wapi

Akiwa bado tumboni mwa mama, kila mtoto huwa na kifuko chembamba cha utando wa tumbo kinachoshuka kupitia kinena. Kwa mvulana hufuatana na korodani hadi kwenye pumbu. Kwa msichana hufuata ukano unaoshikilia mji wa mimba hadi kwenye shavu la uke, nacho huitwa mfereji wa Nuck, kwa jina la Anton Nuck, mwanaanatomia wa Uholanzi aliyeueleza mwaka 1691. Kwa kawaida hujiziba kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya mwaka wake wa kwanza.

Usipojiziba, kinachofuata hutegemea upana wa tundu lililobaki. Likiwa jembamba, maji ya tumboni hupenya na kujikusanya, ikawa ngirimaji. Likiwa pana, hupita utumbo, au ovari na mrija wake, ikawa ngiri yenyewe. Wavulana hupata ngiri ya kinena mara kadhaa zaidi kuliko wasichana, na nadhani ndiyo sababu watu huamini ni yao peke yao. Imani hiyo ina gharama, kwa kuwa ngiri ya msichana huitwa mtoki kwa majuma mengi kabla mtu hajaitilia shaka.

Zinavyofanana, na zinavyoachana

Mtoki ni tezi ya kinga iliyovimba. Mara nyingi hukaa kwenye mkunjo wa kinena au chini yake, kuelekea pajani, na mara nyingi si mmoja bali ni kadhaa. Ukitafuta vizuri utakuta sababu yake karibu: kidonda mguuni, kucha ya kidole iliyooza, kuumwa na wadudu, upele wa nepi, wakati mwingine mkwaruzo wa paka. Haupungui mtoto akilala wala hauongezeki akilia. Ovari iliyoshuka nayo ina tabia hiyohiyo ya kubaki palepale, na hapo ndipo watu hukosea.

Ngiri yenye utumbo ndani ni rahisi kuitambua kwa sababu hutoka na kurudi. Mtoto akilia, akikohoa au akijikamua chooni, hujitokeza juu ya mkunjo, karibu na mfupa wa kinena, na kushuka kuelekea shavu la uke. Akitulia hurudi, pengine kwa mlio mdogo wa hewa na maji chini ya kidole. Tatizo lake ni kwamba mbele ya daktari haitoki. Kwa hiyo mzazi, piga picha kwa simu uvimbe ukiwa nje, mtoto akiwa amenyooka, kinena kikionekana pande zote mbili. Picha hiyo imekata mzizi wa fitina mara nyingi kuliko maelezo ya mdomo. Iweke kwa ajili ya daktari tu, usiitume kwenye makundi ya simu kuomba ushauri.

Ngirimaji ni laini, haiumi, na mara nyingi hairudi tumboni hata ukiibonyeza. Ina sura tatu. Ya kwanza, inayoonekana zaidi, ni kifuko kilichofungwa pande zote, maji yamebaki ndani kama ya kwenye puto. Ya pili bado imeungana na tumbo, hivyo huwa ndogo asubuhi na kubwa jioni. Ya tatu imebanwa katikati kama kibuyu, sehemu moja ndani ya tundu na nyingine nje. Wengine humulika uvimbe kwa tochi, ukipitisha mwanga husema ni maji. Kwa mtoto mchanga sikiamini kabisa kipimo hicho, maana utumbo wake ni mwembamba na wenyewe hupitisha mwanga.

Kisha kuna ngiri yenye ovari. Ni kigololi kigumu kiasi, ukubwa wa harage au zaidi kidogo, kinachoteleza chini ya kidole, hakirudi, hakimuumi mtoto, na anaweza kukaa nacho siku kadhaa akiwa mzima kabisa. Kwa wasichana wenye ngiri, ovari hukutwa ndani katika takribani 15 hadi 20 kwa kila 100. Ni wengi mno kwa mtu kuubonyeza uvimbe na kusema "hauumi, tusubiri".

Kwenye skrini ovari hujitangaza. Nampaka mtoto jeli ya vuguvugu, naweka kifaa juu ya uvimbe bila kukandamiza, na inatokea duara ya kijivu yenye vitundu vyeusi vidogo, kama ufuta uliomwagwa juu ya jivu. Hivyo ni vifuko vya mayai. Ngirimaji huwa nyeusi tupu, haina mtiririko wa damu, mara nyingi na mkia unaoelekea kwenye tundu. Mtoki una umbo la figo ndogo, na katikati mstari mweupe wa mafuta ambapo mishipa ya damu huingilia. Utumbo huchezacheza. Nikishaona vitundu vile vya ufuta, simwambii mama aende nyumbani akasubiri barua ya miadi. Namwomba aketi, nami napiga simu wodini.

Kupima: altrasaundi, MRI au sindano

Kati ya hivi vitatu, altrasaundi inashinda kwa mbali. Haina mionzi, haihitaji mtoto alazwe usingizi, na kilio chake ni msaada, kwa sababu ndipo ngiri hutoka. Inaonyesha kama damu bado inapita kwenye ovari. Na kwa dakika mbili za ziada inaweza kutafuta mji wa mimba tumboni, jambo ambalo nitalirudia chini kwa kuwa lina uzito wake. Kasoro yake ni kwamba inategemea mkono na jicho la anayeishika. Mtu aliyezoea kupima wajawazito tu anaweza kuipita ovari ya mtoto wa miezi miwili bila kujua ameiona.

MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huonyesha zaidi, lakini mtoto mdogo hawezi kutulia ndani ya mashine bila dawa ya usingizi. Ninaiona ina nafasi pale tu altrasaundi inapoacha shaka: uvimbe mgumu unaokua, uvimbe wa mishipa ya damu au ya limfu ulioingia ndani zaidi, au pale daktari wa upasuaji anapotaka kujua mipaka yake kabla ya kukata.

Kuhusu sindano, nasema waziwazi: mtu asichome uvimbe wa kinena wa msichana "kutoa maji" kabla haujaangaliwa. Huenda ndani kuna utumbo au ovari. Na hata kama ni maji kweli, njia yaliyopitia bado iko wazi, yatarudi. Jipu lililothibitishwa ni habari nyingine, lile hutolewa usaha.

Saa, siku au majuma

Uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu na wenye kuuma, ngozi yake imekuwa nyekundu au ya zambarau, mtoto anatapika, tumbo limejaa, analia kilio kisichonyamazishwa: hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, usiku au mchana. Ama utumbo umebanwa, ama ovari imejisokota kwenye shina lake na damu haifiki. Usimpe chakula wala maziwa njiani, maana anaweza kuhitaji upasuaji akifika. Na usiusukume uvimbe kwa nguvu. Daktari anaweza kuurudisha utumbo taratibu, mtoto akiwa ametulizwa, lakini ovari iliyobanwa huumizwa zaidi na kusukumwasukumwa.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawajaambiwa: ovari iliyojisokota, hata ikionekana nyeusi mezani, siku hizi madaktari wengi huifungua msokoto na kuiacha mahali pake badala ya kuikata. Rangi nyeusi si cheti cha kifo. Nyingi hupona. Una haki ya kuuliza kabla ya upasuaji, "Daktari, mkikuta imejisokota, mtaiacha?"

Ovari iliyo nje lakini tulivu, isiyouma, yenye damu inayopita, iko kwenye fungu la siku. Hakuna haja ya kukimbia usiku, ila isipangiwe miezi mitatu mbele. Imetoka mahali pake, imening'inia kwenye shina lililorefuka, na inaweza kujisokota wakati wowote. Ukipewa tarehe ya mbali, rudi na ripoti ya altrasaundi mkononi, onyesha neno "ovari" na uombe isomwe tena. Nimeona tarehe zikiletwa karibu kwa ombi hilo peke yake.

Ngiri inayotoka na kurudi kirahisi huingia kwenye orodha ya upasuaji wa karibuni. Haitapona yenyewe. Kumvalisha mtoto mkanda au kumbandikia sarafu hakuzibi chochote, kunaficha tu. Kadiri mtoto alivyo mchanga ndivyo hatari ya kubanwa ilivyo kubwa, hasa mwaka wa kwanza.

Kwa watoto njiti kuna mvutano wa kweli kati ya kuwahi na kuchelewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha njiti waliofanyiwa upasuaji wa ngiri kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali na wale waliosubiri hadi baada ya majuma 55 kwa kuhesabu tangu mwanzo wa mimba. Matatizo makubwa yaliwapata 28 kwa kila 100 wa kundi la kwanza, na 18 kwa kila 100 wa kundi la pili. Kwa hiyo ukiambiwa njiti wako asubiri ili mapafu yakomae, hawakupuuzi. Lakini kusubiri huko ni kwa ngiri inayorudi. Ovari iliyokwama nje inahitaji mazungumzo yake.

Ngirimaji ndiyo inayotenganisha wavulana na wasichana zaidi. Kwa mvulana mchanga, daktari husubiri kwa kawaida hadi afikishe mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa nyingi hukauka. Kwa msichana, madaktari wengi wa upasuaji huona afadhali kuitoa, kwa sababu mara nyingi, inatajwa karibu theluthi, huja pamoja na ngiri. Mimi ninaegemea upande wao, isipokuwa kwa mtoto mchanga sana mwenye kifuko kidogo cha maji matupu ambaye wazazi wake wanaweza kumrudisha kupimwa. Huyo anaweza kusubiri kwa macho yaliyo wazi.

Na mtoki? Ukiwa chini ya sentimita 1.5, laini, unateleza, na kidonda kipo mguuni, tibu kidonda na uuangalie. Ukiwa mwekundu, wenye joto na homa, utahitaji antibayotiki. Ukifikisha majuma manne hadi sita bila kupungua, au ukipita sentimita 2, au ukiwa mgumu kama jiwe na umeshikamana na nyama, au mtoto anakonda na kutoka jasho usiku, daktari atafikiria kifua kikuu na saratani, na huenda akatoa tezi moja ikapimwe maabara. Hapo kuendelea kubadilisha antibayotiki ni kupoteza muda.

Lile swali la kromosomu

Hapa ndipo wazazi hushtuka, na mara nyingi ni kwa sababu waliambiwa kwa haraka koridoni. Kati ya wasichana 100 wenye ngiri ya kinena, mmoja au wawili hukutwa na hali ambayo mwili hauitikii kabisa homoni za kiume. Kwa nje ni msichana kamili. Kromosomu zake, yaani nyuzi za urithi, ni XY kama za mvulana, hana mji wa mimba, na kile kilichoshuka kwenye kinena ni korodani, si ovari. Tofauti hiyo huonekana wakati mwingine kwenye altrasaundi: kigololi cha kijivu sawasawa kisicho na vile vitundu vya ufuta, na nikitafuta mji wa mimba sipati kitu. Ngiri ikiwa pande zote mbili, shaka huzidi.

Hospitali moja inaweza kumpima kromosomu kila msichana mwenye ngiri. Nyingine itatafuta mji wa mimba kwa altrasaundi au kuangalia kwa macho wakati wa upasuaji, kisha impime yule tu ambaye haukuonekana. Mimi naona njia ya pili inatosha kwa wengi, alimradi mtu aangalie kweli na aandike alichoona. Njia mbaya ni ya tatu, ya kuziba ngiri bila kuangalia chochote, msichana akaja kugundua akiwa na miaka 16 kwamba hedhi haiji.

Likithibitika, mtoto anabaki kuwa msichana yuleyule. Ngiri inazibwa. Korodani haziondolewi siku hiyohiyo kwa pupa. Hatari ya saratani kabla ya balehe ni ndogo, na homoni zake ndizo zitakazomkuza matiti kwa njia ya asili, kwa hiyo vituo vingi huziacha, zikifuatiliwa, hadi baada ya balehe. Jeni husika iko kwenye kromosomu X na huweza kupitia kwa mama, hivyo dada zake na mama zake wadogo wanastahili kujua.

Mkato mmoja au matundu madogo

Upasuaji wenyewe ni kuukata mfuko na kuufunga shingoni, juu kabisa. Wavu wanaowekewa watu wazima hautumiki kwa watoto wadogo.

Njia ya wazi ni mkato wa sentimita moja au mbili kwenye mkunjo wa ngozi. Ni ya haraka, haihitaji vifaa vingi, na kwa mchanga inaweza kufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Kwa ngirimaji iliyofungwa pande zote naiona bora, kwa kuwa kifuko kiko nje ya tumbo na kinatolewa kizima. Udhaifu wake kwa msichana ni kwamba daktari haoni mji wa mimba vizuri, wala haoni upande wa pili.

Matundu madogo hutumia kamera inayopitia kitovuni. Kwa wasichana njia hii ina wepesi ambao wavulana hawana: hakuna mrija wa mbegu wala mishipa ya korodani ya kukwepa, tundu linazibwa lote. Daktari anaona mji wa mimba, ovari zote mbili na upande wa pili kwa mara moja. Upande wa pili ukiwa wazi, unazibwa hapohapo. Kwa waliozibwa upande mmoja, karibu 7 kwa kila 100 hurudi baadaye na ngiri ya upande mwingine. Gharama yake ni kwamba lazima nusu kaputi kamili, hewa tumboni, na mkono uliozoea watoto.

Ngiri kurudi baada ya upasuaji ni nadra kwa njia zote mbili. Kwa hiyo ningempima daktari kabla ya kuipima njia: anayefanya mikato kila juma ni bora kuliko anayejaribu kamera kwa mara ya tano. Pale ambapo wote ni wazoefu, kwa msichana mwenye ngiri ya kawaida au yenye ovari ningechagua kamera.

Wazazi huogopa nusu kaputi kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Utafiti wa kimataifa uliohusisha wachanga zaidi ya 700 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri uliwagawa kati ya nusu kaputi na ganzi ya mgongoni. Matokeo ya miaka mitano yalitoka mwaka 2019, na akili za makundi mawili hazikutofautiana. Wengi walikuwa wavulana, na usingizi ulikuwa chini ya saa moja kwa kawaida, ambao ndio urefu wa upasuaji huu.

Yale ya nadra zaidi

Ngiri ya paja hutokeza chini ya mkunjo, mahali pa mtoki kabisa. Kwa watoto haifiki moja kwa kila 100 ya ngiri za eneo hilo, na ikizibwa kama ngiri ya kawaida itarudi kwa sababu tundu lake ni jingine. Mtoto aliyepasuliwa vizuri na uvimbe ukarudi mapema, chini kidogo ya pale, afikiriwe hilo. Jipu linaloshuka kutoka kwenye uti wa mgongo wenye kifua kikuu nalo huchomoza pajani, baridi, bila wekundu, na mtoto huchechemea. Uvimbe wa mafuta, wa mishipa ya damu na wa limfu hupatikana, na mara chache sana saratani ya misuli, ambayo hukua upesi na huwa ngumu.

Siku ya upasuaji hospitali itakupa saa za kufunga. Mara nyingi ni saa sita kwa chakula na maziwa ya kopo, nne kwa maziwa ya mama, mbili kwa maji. Wengi huruhusiwa jioni ileile, ila njiti wadogo hulazwa usiku mmoja wakichungwa pumzi. Kabla hujambeba mtoto, mwulize daktari ndani ya mfuko alikuta nini, na kama aliuona mji wa mimba. Mwombe aandike majibu yote mawili kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kisha uihifadhi pamoja na kadi yake ya chanjo.